Fundi Anajibu: Gari la Zamani Linapokula Matairi

Toleo hili nimewapa nafasi wenye magari ya zamani. Barua zao ni nyingi, na nyingi zinalalamikia jambo moja: gari linakula matairi ingawa alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, imeshapimwa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye gari alijipimia mwenyewe uani kwake, kwa chaki na msumari, akapata jibu ambalo karatasi ya mashine haikumpa.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mwika. Nina Peugeot 504 saluni ya mwaka 1979. Matairi mapya ya mbele yanaisha ndani ya miezi michache, na yanaisha upande wa ndani tu. La kushoto hutangulia. Ukilitazama kwa nje unaona meno yamejaa, lakini ukiinama ukachungulia kwa ndani unakuta nyuzi zimetokeza. Mwaka jana nilibadilishiwa bushi za mikono ya chini, bolijointi na tairodi endi. Baada ya hapo nimepima alaimenti mara mbili kwenye mashine ya kompyuta mjini Moshi, na mara zote karatasi ilitoka na namba za kijani. Fundi wa mashine anasema gari ni zima, nimlaumu muuza matairi. Muuza matairi anasema tairi ni zima, nililaumu gari. Pensheni yangu inaishia kwenye matairi. Nifanye nini?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kabla ya kukujibu hapa nilikuomba ufanye mambo mawili, na umeyafanya kwa uangalifu mkubwa. Nayaeleza ili na wengine wayafanye kabla hawajatoa hela.

La kwanza lilikuwa kupitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kuja ndani, halafu kurudi. Macho huona tairi limeisha upande gani, lakini hayaoni limeishaje. Tairi linaloburutwa kwa ubavu huku likiviringika huacha kila mstari wa meno ukiwa umelainika ukingo mmoja na kuwa na makali ukingo wa pili. Kiganja kikikwaruzwa kinapotoka ndani kwenda nje, na kuteleza kinaporudi, basi magurudumu yamechungulia ndani kupita kiasi, yaani sehemu zao za mbele zimekaribiana mno. Kikikwaruzwa kinapotoka nje kuja ndani, magurudumu yanachungulia nje. Wewe umeniandikia kwamba kukwaruza ulikuhisi ulipoleta mkono ndani, kwenye matairi yote mawili. Kwa hiyo gari lako likiwa barabarani magurudumu ya mbele yanafunguka. Kama tatizo lingekuwa kemba peke yake, yaani gurudumu kulala upande, tairi lingeisha ndani hivyo hivyo lakini uso wake ungekuwa laini kotekote.

Hapa nina ombi kwa kila msomaji. Msivue matairi yaliyoliwa na kuyatupa kabla fundi hajayashika. Na msiyahamishe ya mbele kuyapeleka nyuma siku moja kabla ya kuja gereji. Andikeni kwa chaki kila tairi lilikuwa wapi na lilikuwa linazunguka kuelekea upande gani. Tairi bovu ni ushahidi wa kilometa zote lilizokwenda, na wateja wengi hunifikia wakiwa wameshauacha kwa fundi wa pancha.

Jambo la pili lilikuwa kupima mwachano wa magurudumu. Unainua gari mpaka tairi liache ardhi, unapaka chaki katikati ya uso wake kuzunguka lote, kisha unashikiza ncha ya msumari juu ya gogo lisilotikisika, na mtu analizungusha tairi taratibu. Unabaki mstari mmoja mwembamba. Upande wa pili vivyo hivyo. Mstari huo ndio unaopimwa, wala si ukingo wa rimu, kwa sababu rimu ya gari lenye umri wa miaka zaidi ya 40 mara nyingi imepinda kidogo, na ukipima ukingo utakuwa umepima kupinda kwake. Kisha gari linashushwa, linakandamizwa mbele mara kadhaa ili springi zikae, na linasogezwa mita mbili tatu ili matairi yaache kung'ang'ania ardhi. Ndipo unapima kutoka mstari hadi mstari kwa tepu, mbele ya matairi na nyuma ya matairi, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Injini ikizuia tepu, shusha timazi kutoka kwenye mstari, weka alama sakafuni, upime sakafuni.

Mpaka hapo hiyo ni kazi ya kawaida. Nilichokuomba zaidi ni kupima mara mbili. Mara ya kwanza baada ya kulisukuma gari nyuma. Mara ya pili vijana wakilisukuma mbele huku mtu amekanyaga breki kidogo, na mguu wake usiondoke kwenye breki mpaka umalize kupima. Majibu uliyoniletea ni haya. Gari liliposukumwa nyuma, mbele palikuwa pafupi kuliko nyuma kwa milimita 2. Liliposukumwa mbele kwa breki, mbele palikuwa parefu kuliko nyuma kwa milimita 4. Mwalimu, hizo ni milimita 6 za mchezo kwenye gari ambalo karatasi inasema ni zima.

Mashine haikudanganya. Ilipima gari lililosimama kwenye sahani zinazoteleza, hakuna anayekanyaga breki, hakuna barabara inayovuta magurudumu kuelekea nyuma. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama 504, huburuzwa magurudumu ya mbele na barabara muda wote linapokwenda, nayo hutaka kufunguka. Ndiyo maana watengenezaji huyaacha yachungulie ndani kidogo likiwa limesimama, ili likienda yawe sawa. Bushi zikilegea, kufunguka kunapita kile kiasi walichokiacha. Sasa fikiria njia yako. Kutoka Mwika unapita Marangu Mtoni, halafu ni mteremko na kona mpaka Himo, na mguu uko kwenye breki karibu njia nzima. Kila unapokanyaga, mikono ya chini inarudi nyuma na magurudumu yanafunguka. Tairi linaliwa mteremkoni. Kwenye mashine ya mjini hakuna mteremko.

Utaniuliza, bushi si zilibadilishwa mwaka jana? Zilibadilishwa, na ninaamini zilikuwa mpya. Swali langu ni hili: zilipokazwa, gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake au lilikuwa juu ya jeki miguu ikining'inia? Uliniandikia kwamba unakumbuka fundi alifunga kila kitu gari likiwa juu ya mawe, akamaliza kukaza, ndipo akalishusha. Hapo ndipo matairi yako yalipoanza kuliwa.

Bushi ya mpira ya gari hili haizunguki juu ya bolti. Ndani ina bomba la chuma, nje ina chuma kingine, na mpira katikati umegandishwa kwa vyote viwili. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa lisitembee, na kuanzia hapo mkono ukipanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojisokota. Mpira unapaswa kuwa umetulia, haujasokotwa upande wowote, pale gari linapokuwa kwenye kimo chake cha kawaida. Ukikaza mguu ukining'inia, umeuambia mpira kwamba kuning'inia ndiko kutulia. Gari likishuka tu, mpira umeshakamuliwa kama nguo mkononi mwa mfuaji, hata kabla hujawasha injini. Halafu unakuja mtikisiko wa kwanza, na kila shimo linaukamua zaidi. Bushi ambayo ingedumu miaka inachanika ndani ya miezi, na inachanika kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa 504 kosa hili ni ghali kuliko kwa magari mengi, kwa sababu mguu wake unasafiri masafa marefu kwenda juu na chini. Hiyo ndiyo sifa iliyolipa jina barabara zetu zilipokuwa vumbi tupu. Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na 504 nayo ikashinda mwaka 1975 na 1978. Springi laini na mguu mrefu ndiyo raha ya gari hili. Lakini safari ndefu ya mguu maana yake ni msokoto mkubwa wa mpira, na kukazwa vibaya kunaumiza mara mbili.

Sasa kazi ya kufanya. Ingia kwenye shimo la gereji, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Chukua mtaimbo mfupi, uingize kati ya mkono wa chini na krosmemba, yaani kile chuma kinachokatiza chini ya gari, na usukume mbele na nyuma. Mwambie fundi asitafute sauti, atazame mpira. Ukitengana na chuma, au mkono ukisogea bila mpira kuuvuta kurudi, bushi imekufa na itolewe. Anza na kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, barabara imeinamia kushoto ili maji yatoke, na ukingo wa lami uliomegeka uko kushoto, kwa hiyo gurudumu hilo ndilo linalopigwa zaidi. Na kabla hujafunga bushi mpya, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Kushoto kukiwa kufupi waziwazi, mkono wenyewe umepinda, na bushi mpya haitaunyoosha.

Bushi mpya zikishaingia, bolti zifungwe kwa kushikiza tu. Shusha gari. Weka ndani uzito unaotembea nao siku zote. Kama kila Jumamosi unashusha mikungu ya ndizi Kiboriloni, iweke. Likandamize mbele na nyuma, lisogeze mbele na nyuma, na hapo ndipo fundi aingie shimoni akaze kwa kipimo cha kitabu. Hili silipunguzi hata mteja akiwa na haraka. Ukienda kwa fundi yeyote, simama pale ulione kwa macho yako. Si kumdharau. Ni gari lako na ni shingo yako.

Halafu rudia kipimo chako cha chaki, mara zote mbili. Tofauti ya milimita 6 ikishuka ikawa ndogo kabisa, nenda mashineni kwa mara ya mwisho ukarekebishe tou, yaani kule kuchungulia ndani au nje. Kwenye gari lako hicho tu ndicho kinachorekebishika mbele. Kemba na kasta, yaani mguu kuegemea mbele au nyuma, zimefungwa na umbo la vyuma. Mtu akikuambia atakurekebishia kemba ya 504 yako, muulize ataipinda nini.

Kuna watakaokushauri bushi za plastiki ngumu za rangi. Hizo hazijagandishwa na chuma, huzunguka, kwa hiyo haziogopi kukazwa gari likining'inia. Lakini hupiga kelele zikikauka na hupeleka kila kokoto mpaka kwenye mikono yako. Kwa gari la mwalimu mstaafu linaloshuka mjini kwa utulivu, mimi nachagua mpira.

La mwisho kwako, tazama pia matairi ya nyuma kwa ndani. Saluni nyingi za 504 zina miguu huru nyuma, tofauti na ile ndefu ya familia yenye ekseli nzima na springi mbili kila upande. Springi za saluni zikichoka, au buti likijaa ndizi, magurudumu ya nyuma hulala yakainamisha vichwa ndani. Tairi la nyuma likiliwa ndani kwa uso laini, usitafute kosa kwenye tairodi. Pima kimo cha gari kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, uone kama springi zimekaa.

SWALI: Habari fundi. Niko Sakina, Arusha. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya 1972. Matairi ya mbele yanaisha katikati, na nikivuka 80 kwenye barabara ya Moshi, hasa pale wazi karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, upepo ukipiga gari linahama njia. Nimeambiwa nibadilishe boksi la stelingi. Matairi ni 155 ya radial. Upepo najaza 32 kote, kama gari la mke wangu.

JIBU: Mdogo wangu, usinunue boksi la stelingi kwanza. Umejijibu kwenye sentensi ya mwisho.

Injini ya gari lako iko nyuma. Mbele kuna mizigo michache, tangi la mafuta na tairi la akiba. Kitabu cha Beetle kwa tairi kama zako kinataka karibu pauni 18 mbele na 27 nyuma, kabla tairi halijapata moto. Ukiweka 32 mbele, gari jepesi upande huo linakaa juu ya ukanda mwembamba wa katikati ya tairi. Ukanda huo ndio unaoisha, na ndio pekee unaoshika lami upepo unapokusukuma. Tofauti ya mbele na nyuma nayo si pambo. Nyuma kukiwa na upepo zaidi kuliko mbele, gari linatulia. Ukisawazisha kote, mkia mzito unataka kuongoza.

Najua kijana wa pancha atakukatalia. Atasema 18 ni pancha. Nunua geji yako mwenyewe ukae nayo garini, pima asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, na usibishane naye. Endesha hivyo wiki mbili kwenye barabara ile ile, ndipo utajua kama stelingi ina neno.

Likiwa bado linahama, inua mbele na ushike tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea ulikuwa wa beringi, na beringi za Beetle zinakazwa kwa nati, hazihitaji kununuliwa mpaka ziwe na mikwaruzo. Mchezo ukibaki ni bolijointi. Gari lako ni la baada ya 1965, kwa hiyo lina bolijointi. Wenye Beetle za kabla ya hapo wana kingpini, nazo zinahitaji grisi mara kwa mara, zikinyimwa zinalika. Kisha shika tairi kushoto na kulia, ndipo utazame tairodi na dampa ya stelingi, ile inayotuliza mtikisiko wa usukani. Boksi ni la mwisho kabisa kwenye orodha. Na likifika zamu yake, lisikazwe mpaka mchezo wote uishe usukani ukiwa umenyooka, kwa sababu boksi huchakaa zaidi katikati. Likikazwa hivyo litabana kwenye kona, usukani hautarudi wenyewe, na gari litatangatanga kuliko mwanzo.

Nyuma usishangae magurudumu yakisimama tofauti kila siku. Ekseli za gari lako zinapinda kwenye giaboksi tu, kwa hiyo gari likiwa tupu yanafunguka kwa juu na likipakiwa yanalala vichwa ndani. Kinachotakiwa ni kulia na kushoto yafanane. Yasipofanana, fito za springi za nyuma ziliwahi kutolewa zikarudishwa meno tofauti. Ncha ya ndani ya fito ina meno 40 na ya nje 44, na ukiruka jino moja ndani na kurudi moja nje, mkono unahama chini ya nyuzi moja. Ndiyo namna pekee ya kurekebisha kimo kwa usahihi. Si kazi ya kujifunzia kando ya barabara, fito ile inakaa imejikaza na mkono ukifyatuka unavunja mfupa.

SWALI: Fundi, pole na majukumu. Nina Land Rover Series III ndefu, 109, ya marehemu baba. Tunaitumia shambani Sanya Juu na kushuka Boma Ng'ombe. Nikifika 60 nikakanyaga rasta, usukani unaanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu, hauachi mpaka nisimame kabisa. Nilifungiwa dampa ya stelingi mpya. Ilitulia kwa muda, sasa imerudi palepale.

JIBU: Dada, pole kwa msiba, na hongera kwa kulitunza gari la mzee.

Dampa imeficha ugonjwa, haikuutibu. Mtikisiko huo huletwa na michezo midogo mingi inayojumlishana. Ndiyo maana mafundi hubadilisha kitu kimoja, unapungua, unarudi.

Gari likiwa chini, mtu mmoja acheze usukani kidogo kushoto na kulia bila kuacha, wewe uwe chini unatazama. Fuata nguvu inakopita: boksi, fimbo inayoshuka, rilei iliyo mbele kwenye chesisi, fimbo ndefu, kila bolijointi. Mahali ambapo upande mmoja unasogea na wa pili unachelewa, hapo pana ugonjwa. Weka alama ya chaki, usiache kutafuta. Utakuta zaidi ya mahali pamoja. Kaza na nati za yu-bolti za springi, na tazama bushi za pingu za springi. Nazo, kama nilivyomwambia Mwalimu hapo juu, hukazwa gari likiwa limesimama.

Kisha inua, tikisa juu na chini, na ufanye ile hila ya kukanyaga breki. Kwenye Series, mchezo unaobaki baada ya breki ni wa pini za juu na chini za lile tufe la gurudumu. Hizo zinatakiwa ziwe nzito kidogo kuzunguka, na uzito huo huwekwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba vya kupachika. Fundi anayelijua gari hili atafungua tairodi, atatoa sili ya tufe, na atavuta mkono wake kwa mizani ya kuning'iniza ili asome uzito kwenye namba. Asiyelijua atakuambia tufe limeisha ununue jingine. Pini zikiwa nyepesi mno, dampa yoyote utakayofunga itachoka.

Vipimo vya gari lako ni rahisi kukumbuka: magurudumu yachungulie ndani milimita 1.2 hadi 2.4, kasta nyuzi 3, kemba nyuzi 1 na nusu. Cha kwanza tu ndicho kinachorekebishwa, unaweza kukipima kwa chaki shambani. Kasta haina nati, lakini inaharibika. Mtu akiwa amefunga pingu ndefu za springi ili kuinua gari, ekseli imezunguka na kasta imebadilika. Uliza kaka zako kama kuna aliyewahi kufanya hivyo, na kama yupo, rudisha pingu za kiwandani.

Gari likiwa limeinama upande, angalia pia kama springi za mbele hazikubadilishana. Ya upande wa dereva hutengenezwa na mkunjo mkubwa kidogo kuliko ya abiria.

SWALI: Kaka fundi, nina Mercedes 240D ya 1982, limekaa chini ya turubai Njiro miaka mingi. Nimelifufua. Matairi yana meno tele, lakini kuanzia 50 gari linadunda, na linavuta kulia. Nianze na alaimenti?

JIBU: Usianze na alaimenti, kaka. Tafuta ubavuni mwa kila tairi namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3611 ni wiki ya 36 ya mwaka 2011. Zikiwa tatu tu badala ya nne, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Tairi lililosimama muda mrefu mahali pamoja hupata bapa pale lilipokanyagia, na mpira wake hukauka hata kama haujatembea. Meno yaliyojaa hayabadilishi hilo. Ukiona nyufa ndogo kati ya meno au karibu na rimu, usilipeleke gari hilo barabara kuu.

Kuhusu kuvuta kulia, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Gari likianza kuvuta kushoto, ni tairi. Likiendelea kuvuta kulia, zunguka mtaani dakika kumi bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, na sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa chuma. Gari hilo lina diski kote, na pistoni iliyolala miaka hushika kutu ikakataa kurudi. Rimu ya mbele kulia ikiwa na joto kuliko ya kushoto, umeipata. Fungua kalipa hiyo na usafishe, na bomba la mpira linaloingia kwenye kalipa libadilishwe pia, kwa sababu huvimba kwa ndani, likapitisha mafuta ya breki ukikanyaga na kuyazuia yasirudi ukiachia. Alaimenti ipimwe baada ya hapo, juu ya matairi mapya manne. Tairi la akiba nalo lisome namba zake, huenda ni la zamani kuliko mengine yote.